Pitch Perfect: filamu ya mashindano ya kuimba isiyoheshimu mashindano wala kuimba!

Wakuu, nimeirudia Pitch Perfect ya 2012 na hasira zimenipanda upya, hasa nikiona watu wanavyoisifia kama ndiyo kipimo cha filamu zote za muziki. Kipimo gani?

Hadithi nzima ni mashindano ya akapela, yaani kuimba bila ala yoyote, ya vyuo vikuu vya Marekani. Sasa niambieni, Barden Bellas, kundi la wasichana tunalolifuata, wanafikaje fainali? Nusu fainali wanashindwa. Halafu Footnotes, kundi lililowapita, linaenguliwa kwa sababu mwimbaji wao mkuu bado yuko sekondari, basi kina Beca (Anna Kendrick), mhusika mkuu ndani ya Bellas, wanajikuta ukumbi wa Lincoln Center, New York. Ushindi wa mezani! Na humsikii jaji hata mmoja akieleza alama anazitoa kwa lipi. Upangaji wa sauti? Pumzi? Uchezaji? Tumeachiwa watangazaji wawili, Elizabeth Banks na John Michael Higgins, ambao wanachekesha kweli, ila kejeli za yule mwanamume kwa wanawake ni zilezile mwanzo mwisho.

Kinachoniuma zaidi ni sauti zenyewe. Akapela ni koo tupu, huna gitaa wala ngoma ya kujifichia. Lakini sikiliza nyimbo za jukwaani: kila kitu kimenyooshwa studio mpaka hujui nani kashika alto na nani anaimba besi. Hakuna anayevuta pumzi, hakuna anayepwaya hata kidogo. Aliyewahi kusimama kwenye kwaya anajua raha iko pale sauti zinapotafutana mpaka zikakutana. Hapa zimeshakutana kabla hatujaketi. Chloe, mmoja wa Bellas, ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, anafanyiwa upasuaji, noti za juu zinampotea, na kumbe sasa anaweza kushuka mpaka besi. Jamani, mwimbaji kupoteza sauti aliyoizoea na kupata nyingine! Hicho kilikuwa kisa cha filamu nzima, wao wamekifanya kichekesho cha kupita, ila matapishi ya Aubrey, kiongozi wa Bellas, yamepewa nafasi ya kutosha.

Na wanajua kufanya vizuri, ndiyo maana nakasirika. Lile pambano la kupokezana kwenye bwawa tupu ni zuri mno. Kanuni unaielewa papo hapo: unadaka neno la mwenzako, unamkatiza kwa wimbo wako wenye neno hilo. Unaona watu wanasikilizana, wanaviziana. Usaili wa Anna Kendrick vilevile: mtu mmoja, kikombe kimoja, basi. Wimbo huo wa kikombe, "Cups", ulipanda hadi nafasi ya 6 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, mwaka 2013. Jibu walikuwa nalo mkononi!

Rebel Wilson, aliyeigiza Fat Amy, anastahili sifa zake zote. Ila utani wa rangi na asili za watu unachosha. Lilly, Muasia ndani ya kundi la kuimba, hasikiki anachosema karibu filamu nzima. Kimmy Jin, anayeishi chumba kimoja na Beca, kazi yake ni kununa. Ester Dean, mtunzi wa nyimbo kwelikweli, wamemwachia vichekesho vya nani anamtamani nani.

Pesa ikaingia, zikaja filamu za mwendelezo za 2015 na 2017, na utani ule ukaendelea, safari hii kwa msichana wa Guatemala.

Mwenye hoja ya kuitetea ile njia ya kufika fainali aiweke hapa. Na asije mtu na "ni komedi tu", maana pale bwawani walichekesha na wakaimba.