Ubalozi unataka akaunti ziwe wazi: picha za kupamba nizifanyeje?

BintiMajengo

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii Marekani, na sasa najaza fomu ya viza, DS-160. Swali la majina ya akaunti zote za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka 5 iliyopita nililijua, limo tangu 2019. Kilichonikaba ni agizo la Wamarekani la Juni 2025: anayeomba viza ya F, M au J, yaani za masomo na mabadilishano, azifungue akaunti zake zote zionekane na kila mtu, wapate kuchunguza kama ni tishio kwa usalama wao.

Akaunti yangu ya Instagram haijawahi kuwa wazi. Waliomo ni wanawake pekee: mashangazi, mama wadogo, mabinamu, niliosoma nao. Wa Mombasa watanielewa nikisema humo mna picha za kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Siku hiyo simu hukusanywa mlangoni na anayeruhusiwa kupiga picha ni mmoja tu. Ndani wanawake wako vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza bila wasiwasi kwa sababu hakuna jicho la mwanamume. Alipoolewa dada yangu, mpiga picha nilikuwa mimi. Walinikubalia kwa kuwa walijua picha zinaishia kwetu.

Nikiifungua ile akaunti, shangazi yangu ambaye hajaomba viza ya nchi yoyote ataonekana na kila mwenye simu duniani. Ruhusa hiyo si yangu kuitoa! Kuhusu mimi mwenyewe sina la kuficha, wanichunguze wanavyotaka.

Jengine dogo: kwenye X niliandika sana Juni 2024, siku za maandamano ya Kenya ya kupinga Muswada wa Fedha, na Gaza nimeiandikia pia. Sikumtukana mtu wala kumtisha. Nizifute? Aliyepitia haya anisaidie.

Msafiri_Columbus

Wa alaikum salaam dada, na hongera. Kwanza kabisa, usiache jina la akaunti hata moja. Mwisho wa fomu unathibitisha kwamba uliyojaza ni kweli, na wakikukuta umeficha, kosa linakuwa la kudanganya ubalozi. Hilo linaweza kukufungia mlango maisha, hata kama posti zenyewe hazina neno.

Pili, Instagram ina sehemu ya kumbukumbu. Picha ukiipeleka huko haifutiki, unabaki kuiona wewe peke yako. Zihamishie huko zile za wanawake wengine, kisha ndiyo ufungue akaunti. Hujaficha jina, na hujamuanika shangazi.

Za X mimi nisingezifuta. Mtu mwenye akaunti ya miaka mingi halafu ndani mna posti tatu, afisa atauliza nyingine zimekwenda wapi. Na kumbuka skrinshoti za watu huzifuti. Nywila hawaombi, yeyote atakayekuomba nywila kwa jina la ubalozi ni tapeli.

MzeeKibokoni

Binti yangu, nakuhurumia, lakini na wao tuwasikilize. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu, nilikuwa Nairobi kikazi. Waliokufa pale ubalozini na majengo ya jirani ni 213, na Dar es Salaam siku hiyo hiyo 11. Wengi mno walikuwa watu wetu, makarani na wapita njia. Waliopanga lile jambo walikaa na sisi, wakaoa, wakafanya biashara ya samaki hapa hapa pwani. Laiti kungekuwa na mtu wa kuwachungulia mapema! Anayeomba kuingia nyumba ya mtu hukubali kuulizwa.

BintiMajengo

Shikamoo mzee wangu. Mungu awarehemu wote. Naomba unisikilize kidogo, kwa heshima.

Mimi sikatai kuulizwa. Afisa akitaka kuona akaunti yangu, aniletee ombi la kunifuata hata leo nitalikubali, apitie picha zote kama kazi yake inamtaka. Akiwa afisa mwanamke, hata shangazi hatasema kitu. Ninachokataa ni njia waliyochagua. Ili mtu mmoja anitazame kwa ajili ya usalama, inabidi nitazamwe na watu wote, pamoja na mwizi wa picha na mume aliyeachwa anayemtafuta mkewe. Katika wanawake niliowapiga picha yumo mmoja aliyehama mji kwa sababu ya mtu kama huyo. Usalama wake nao uhesabiwe.

WakiliMtaani

Binti amesema kweli, na historia ya jambo hili inamuunga mkono. Wazo la kupekua mitandao ya waomba viza lilipata nguvu baada ya shambulio la San Bernardino, California, Desemba 2015, walipouawa watu 14. Mmoja wa wauaji aliingia kwa viza ya mchumba, na ikavuma kwamba alikuwa akitangaza jihadi hadharani mtandaoni. Haikupita muda James Comey, aliyekuwa mkurugenzi wa FBI, akaeleza kwamba zile zilikuwa meseji za faragha. Kwa hiyo hata akaunti ingekuwa wazi, zisingeonekana. Februari 2017 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya usalama wa ndani akatoa ripoti kwamba majaribio ya upekuzi huo yalikuwa yakiendeshwa bila vigezo vya kupima kama yanafaa. Miaka miwili baadaye swali likaingizwa kwenye fomu ya karibu kila mwomba viza.

Na wasikwambie wanaangalia posti zako tu. Agosti 2019 mwanafunzi Mpalestina aliyekuwa anaanza Harvard alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Boston, na kwa maelezo yake aliulizwa kuhusu posti za marafiki zake. Baadaye aliruhusiwa kuingia, lakini ona mahali walipofika. Mei 2025 waraka wa ndani uliohusu waombaji wa Harvard uliwaambia maafisa kwamba akaunti iliyofungwa inaweza kuchukuliwa kama dalili ya kukwepa.

Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya Kenya inalinda mambo ya familia yasidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima, ila usiende nayo dirishani pale ubalozini Gigiri. Haitakusaidia kupata viza.

MzeeKibokoni

La mume anayemtafuta mkewe sikulifikiria. Hapo umenishika, mwanangu. Kabla hujafungua chochote, nenda ukawaambie wenyewe.

BintiMajengo

Ndivyo nitakavyofanya, mzee. Leo baada ya isha niko kwa shangazi, tunazipitia moja moja, na wale wengine nawapigia simu. Posti za X zinabaki zote. Niliyoyasema Juni 2024 ningeyasema tena mbele ya afisa.

Msafiri, swali la mwisho: picha ambazo wenzangu wamenitagi kwenye akaunti zao, je?

Msafiri_Columbus

Kama akaunti zao zimefungwa, asiyewafuata haoni. Kama zipo wazi, ondoa tagi upande wako na uwaombe nao wazipeleke kwenye kumbukumbu. Angalia na picha ya juu ya wasifu, hiyo huonekana hata kwa akaunti iliyofungwa. Na zile "hailaiti", yaani stori za zamani ulizozibakisha kwenye wasifu, watu wengi huzisahau.