Mrejesho: Filamu ya Daniel Johnston tumeionyesha Katwe

Wakuu, niliwaomba ushauri: nitawaonyeshaje majirani zangu hapa Katwe, Kampala, wengi wao Wakongo wa Kiswahili, filamu ya Kiingereza kuhusu Daniel Johnston, yule mwanamuziki huru wa Marekani aliyefariki 2019? Wengi mlisema tafuta VJ, yule msimulizi wa filamu kwenye vibanda vya video, atafsiri papo hapo. Nimemtafuta.

Ruhusa ya wenye filamu ilichelewa, ila ilipatikana. Ukumbi ni kibanda cha video, na mwenyewe alitaka mechi iishe kwanza.

VJ wetu amezoea filamu za mapigano, basi mwanzoni alikuwa anafoka kwenye maiki kana kwamba kuna mtu anakimbizwa. Nikamnong'oneza apunguze. Tulipofika pale Johnston hana namna ya kunakili kanda, kwa hiyo kila anayetaka nakala anarekodiwa albamu nzima upya, mama muuza chapati akauliza kwa sauti, "Na analipwa shilingi ngapi?" Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mjadala mrefu ulikuwa wa ugonjwa wa akili wa Johnston. Nilitegemea kusikia habari za kurogwa. Badala yake mzee mmoja alitaka kujua wazazi wake walimudu vipi kumtunza miaka yote ile. Sauti yake ya kuimba vijana hawakuipenda. Siwalaumu, ile sauti ina wenyewe.

Mlioulizia gharama: jenereta ndiyo iliyokula hela, maana umeme ulikatika katikati ya filamu. Sasa wanadai filamu ya Philly Lutaaya, yule mwanamuziki wa Uganda aliyejitangaza kuwa ana UKIMWI. Mwenye kujua ruhusa yake inaombwa wapi, anijuze.