Mrejesho: SSH kuganda nikihama kutoka Wi-Fi kwenda intaneti ya simu

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza nifanyeje ili terminali ya seva (naingia kwa SSH, njia salama ya kutumia kompyuta ya mbali) isigande kila kompyuta mpakato yangu inapotoka Wi-Fi kwenda intaneti ya simu. Asanteni, limekwisha. Dawa imekuwa mosh (programu ya kuingia kwenye seva inayovumilia mtandao kubadilika) na tmux (programu inayoweka kazi za terminali hai kwenye seva) kwa pamoja.

Aliyesema tatizo si kasi ya mtandao alikuwa sahihi. SSH hupita juu ya TCP (kanuni ya kutuma data kwa muunganisho mmoja wa kudumu), na TCP huutambua muunganisho kwa anwani za IP na namba za poti za pande zote mbili. Anwani yako ikibadilika, seva inabaki ikiongea na mtu aliyekwishaondoka. Mosh huingia kwa SSH kwanza, kisha huhamia UDP (kanuni ya kutuma pakiti bila kushikilia muunganisho). Pakiti halali ikifika kutoka anwani mpya, seva inakufuata hukohuko. Sasa naingia hivi (seva ni jina la seva yako; kazi ni jina la kipindi cha tmux, na kikiwepo tayari narudi humo):

mosh seva -- tmux new -A -s kazi

Iligoma mpaka faiawoli ya seva (kichujio cha mtandao) iliporuhusu poti za UDP 60000 hadi 61000. Mosh yenyewe haikupi nafasi ya kurudi juu kusoma maandishi yaliyopita (inaudhi kweli), ila tmux inaziba pengo hilo. Na hata kompyuta ikizimika, kazi inaendelea kwenye seva.

ServerAliveInterval (mpangilio wa SSH wa kuulizia mara kwa mara kama seva bado inajibu) nayo niliijaribu. Inakujulisha mapema kwamba muunganisho umekufa, lakini haiufufui. Kwa kupitisha poti (kupeleka data ya programu nyingine kupitia muunganisho huo) bado natumia SSH ya kawaida, maana mosh haina hiyo. Ikiganda, nabonyeza Enter, kisha ~ na nukta; inakata papo hapo.