Tupeane uzoefu: uliyewahi kukaa na mkimbizi au mhamiaji akakusimulia maisha yake, ulijifunza nini?

Mtu wa Mpanda: Wakuu, leo sokoni kijana kamwambia mama wa Katumba, yale makazi ya Warundi, "rudini kwenu", roho imeniuma. Yule mama kazaliwa hapahapa. Mimi nimekua na hawa watu, baba alikuwa akinunua mahindi kwao. Kuna mzee mmoja alikimbia mauaji ya Burundi 1972 akiwa kijana. Nikimuuliza habari za vita anakata, ananieleza pori: walivyoshushwa kwenye malori, mbung'o wanawang'ata, wakapewa shoka na majembe. Mti wa kwanza alioukata anakuonyesha kisiki kilipokuwa. Fahari yake iko pale. Tangu hapo simwanzi mtu na msiba wake. Leteni na yenu.

Binti Ujiji: Umenikumbusha mbali. Mtaani kwetu Kigoma kulikuwa na fundi cherehani, mama wa Kikongo kutoka Baraka, alivuka Ziwa Tanganyika 1996 vita ilipopamba moto kule Uvira na Fizi. Gauni la mtoto alikuwa analiachia upindo mrefu ndani, mtoto akirefuka mama yake aushushe, asinunue jipya. Siku moja mteja akamuuliza, "Mama, mnarudi lini kwenu?" Akasimamisha cherehani. Akasema usiku ule boti ilijaa, maji yanaingia, watu wanatupa mizigo ziwani. Mwenye boti akaamuru kila mwenye mtoto amnyamazishe, ufukweni kuna wenye bunduki. Akamkumbatia wake kwa nguvu, kamfunika kitenge. Walipofika mbali akafunua. Mtoto hakuamka tena. Alimbeba hivyo hivyo mpaka Kigoma, wakamzikia huku. Akamtazama yule mteja: "Miye niende wapi? Mutoto yangu iko hapa." Kisha akaendelea kushona. Mimi na mteja tulishindwa hata kusema pole.

Kipepeo: Dah.

Baba Neema: Nimesoma nikasimama nje kidogo. Bado yupo huyo mama?

Binti Ujiji: Yupo, anafundisha mabinti kushona.

Sema Kweli: Poleni sana kwa hayo. Ila wenyeji nao tusikilizwe. Huku watu wanagombania mashamba mpaka wanakatana mapanga, wenzetu walipimiwa, na 2014 Warundi hao zaidi ya 160,000 wakapewa uraia.

Mtu wa Mpanda: Walipimiwa pori mkuu! Nani alikuwa analitaka wakati ule? Makazi yao ya Ulyankulu, Katumba, Mishamo, kufikia 1985 yote yalishakabidhiwa serikali, watu wanajilisha na kulipa kodi. Tumbaku ile unadhani imelimwa na nani? Na 2007 walipoulizwa kurudi au kubaki, kuna waliorudi wakakuta mashamba ya Rumonge na Makamba yamekaliwa na watu wengine.

Sema Kweli: Sijasema waondoke. Nasema na sisi tupimiwe.

Mtu wa Mpanda: Hapo tuko pamoja.

Mjukuu wa Handeni: Mnanisahau mimi. Vita ya Somalia ya 1991 ilileta watu mpaka makazi ya Chogo, kwetu Handeni. Mababu zao ni Wazigua wa huku, walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Mto Juba, Somalia. Bibi yangu alikaa nao, wakaongea Kizigua mpaka jua likazama, bila mkalimani. Mzee mmoja akataja ukoo wake, bibi akalia. Kumbe bibi ni shangazi wa kiukoo wa yule mzee! Tangu siku hiyo harusi na misiba tunaalikana.

Kipepeo: Hii nayo nzito. Mimi ushauri wangu: ukienda kuwatembelea usiende mikono mitupu, beba sukari.

Baba Neema: Hapana, usibebe kitu, watajiona wanahurumiwa. Kaa, kula walichopika. Sombe, yaani kisamvu, ya mawese na ndagala, dagaa wao, ukiianza huondoki.

Mtu wa Mpanda: Beba sukari halafu ule pia.

Binti Ujiji: Na usikimbilie kuuliza vita. Uliza wanavyooa, wanavyozika, nani anapika nini sikukuu. Yale mengine yatakuja yenyewe.

Sema Kweli: Wengine wanataka waulizwe. Jirani yangu Mrundi alisema miaka yote hakuna aliyemuuliza baba yake alikufaje.

Mama Zuhura: Nisaidieni. Hapa nyuma imehamia familia ya Kikongo, watoto wanakaa ndani kutwa. Nianzeje?

Kipepeo: Mpe mwanao mpira, aende akawaite.