Ukoo umenichagua nimpe kaka figo: je, nina haki ya kusita?

Binti wa Kongwa ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu. Nina miaka 26, ninafanya kazi Dodoma mjini, sijaolewa wala sina mtoto. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada tangu baba alipofariki, figo zake zimeshindwa kazi na sasa anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo huko Kongwa, na kabla sijafika kutoka mjini walikuwa wameshakubaliana kwamba mtoaji ni mimi, kwa kuwa dada yangu ana mume aliyekataa na kaka zangu wengine wawili wanategemewa shambani. Nimeahidiwa mitamba 2 kama shukrani. Kundi letu la damu limelingana. Ninampenda sana kaka, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, na ninaogopa. Je, nikisita ninamuua? Na mitamba hiyo ni zawadi au ni bei?

Muuguzi wa Makole:

Mdogo wangu, pole. Ugonjwa ndio unaomtishia kaka yako, wala si kusita kwako, na huduma ya kusafishwa damu anayoipata inakupa muda wa kufikiri.

Upandikizaji ulipoanza hapa kwetu, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2018, tulifurahi mno, lakini furaha hiyo isitusahaulishe kwamba mtoaji ni mtu mwenye afya anayepasuliwa kwa ajili ya mwingine. Takwimu za Marekani za mwaka 2013 hadi 2022 zinaonyesha kuwa kati ya watoaji 10,000, takriban 1 alifariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Ni nadra, lakini lazima uambiwe. Kwa kuwa hujazaa, uambiwe na hili pia: utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2015 ulikuta shinikizo la damu la ujauzito au hali inayotangulia kifafa cha mimba katika mimba 11 kati ya kila mimba 100 za watoaji, ilhali kwa wanawake wenye afya kama yao ambao hawakutoa figo zilikuwa 5. Wengi hujifungua salama, ila kliniki yao huhitaji uangalizi wa karibu zaidi. Figo ya mtoaji aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20, na kaka atameza dawa kila siku ili mwili wake usiikatae.

Una haki ya kuonana na daktari peke yako, bila ndugu yeyote chumbani, na unaweza kubadili nia hata siku ya upasuaji. Ukiamua kutotoa, madaktari wanaweza kuwaambia ndugu kwamba hufai kuchangia, bila kutaja sababu.

Mzee wa Chamwino:

Binti yangu, muuguzi amesema vyema, isipokuwa hapo mwisho, ambapo sikubaliani naye. Ukoo ukiambiwa hufai, kesho watamkalisha msichana mwingine kwenye kiti hicho hicho. Mjomba wako, ndugu wa mama yako, yupo? Kwetu mjomba ana sauti ambayo baba mdogo hawezi kuipuuza. Aitishe kikao upya, nawe uwepo.

Mitamba iliyotajwa kabla ya upasuaji ni bei, hata ikiitwa shukrani. Shirika la Afya Duniani linakataza malipo ya kiungo, ila linaruhusu mtoaji kurudishiwa gharama na kipato alichopoteza. Ukoo ukilipa nauli yako na mshahara utakaoukosa, hapo hakuna ubaya.

Muuguzi wa Makole:

Mzee wangu, shikamoo. Jibu la madaktari kwamba mtu hafai si uongo, kwa sababu asiyeridhia kwa moyo wake hafai kweli kuchangia. Hata hivyo, hoja ya msichana mwingine sikuwa nimeifikiria, na ni nzito.

Baba Upendo, Nkuhungu:

Mimi nilimpa mke wangu figo miaka minne iliyopita. Wazee wetu waliniuliza kwa nini ninatoa kiungo cha ukoo wetu kumpa mtu wa ukoo mwingine, swali ambalo nina hakika mke asingeulizwa kama angekuwa anampa mumewe. Niliulizwa mara nyingi kama nina hakika, nami nilikuwa nayo. Leo ninalima, na kila mwaka ninapimwa presha na mkojo.

Jambo ambalo sikuambiwa ni hili: tangu siku ile mke wangu hajanipinga katika jambo lolote. Zamani tulibishana hata juu ya mbegu za kupanda. Sasa anasema tu "sawa". Ninajua anahisi ana deni, na linaniumiza kuliko kovu. Nawe, mdogo wangu, unalipa deni la ada. Zungumza na kaka yako mwenyewe kabla ya kikao chochote, mkiwa wawili tu, kwani huenda yeye pia hakuulizwa.

Binti wa Kongwa:

Asanteni sana. Mjomba yuko Mpwapwa, na nitampigia usiku huu. Kuhusu kliniki, nimeomba kuonana na daktari peke yangu siku ya Alhamisi. Kaka alinipigia mchana akaniuliza kama nimekula, na habari ya figo hakuitaja kabisa. Jumapili nitakwenda kukaa naye.