Amenijengea jaa chini ya dirisha la jikoni halafu ati NITAZOEA

MpishiWaBarani:
Naandika mikono inatetemeka kwa hivyo mnisamehe makosa. Mwenye ploti wetu hapa Barani, Malindi, mnamjua, simtaji, yule wa miwani meusi mpaka usiku, yule tarehe 27 ashaandama mlangoni kudai kodi kabla mwezi wenyewe haujaandama. Sisi nyumba kumi na mbili tulimwomba mahali pa taka kwa sababu magunia yalikua yanakaa getini, kunguru wanapasua, pampasi zinajiendea zao barabarani. Basi juzi akaleta mafundi na mimi mjinga nikawapelekea chai na mahamri!! Kumbe wananijengea mimi. Kuta tatu za mawe, paa hakuna, mlango hakuna, hatua mbili kutoka dirisha LANGU la jikoni, na kusi hii inavyovuma yote yaingia ndani bila hodi. Leo nakaanga samaki sijui nanusa huyu wa kwenye karai ama yule aliyetupwa wiki jana. Funza washanijua kwa jina.

Nikamfuata kwa adabu, shikamoo zote nimetoa, nikamwambia mzee sogeza mbele kule karibu na geti, hata yule wa mkokoteni atafika. Ati mbele hapana, Waitaliano wa ghorofa ya juu wakikaa varanda hawapendi kuona taka. Nikamuuliza sasa mimi na harufu nifanyeje? Akaniangalia, akamwangalia mume wangu aliyekua amesimama hapo na vesti yake, akasema "Mwanangu utazoea, mbona huyu umemzoea."

MBONA HUYU UMEMZOEA. Mbele ya mama wa mbaazi na watoto wa madrasa. Na mume wangu AKACHEKA. Wallahi jaa nitasamehe lakini mbona huyu umemzoea??

KaskaziBoy:
Dada swali dogo tu, shemeji ananuka ama hanuki?

MpishiWaBarani:
Sijaleta mume wangu hapa, nimeleta taka.

KaskaziBoy:
Mzee naye alisema ni kitu kimoja 😂😂

BintiMuyeye:
Jamani muacheni mwenzenu ana machungu. Ila hiyo vesti tuwekee picha tuamue sisi wenyewe

Mwanasheria_wa_Kibarazani:
Tukiacha mzaha, ujenzi unataka kibali cha kaunti, kuna sheria ya upangaji wa ardhi ya 2019. Halafu ile ya taka ya 2022 inasema vya kuoza vitengwe na visivyooza. Muulize kama ana karatasi.

BintiMuyeye:
Wakili ameamka. Sisi huku hata gunia ni moja, maganda ya nazi, betri, matumbo ya samaki, vyote vimeoana humo. Nani atenge?

NikoMbaliKidogo:
Niko Marekani mwaka wa sita. Huku miji mingi hilo jambo liko kwa sheria za mji, nyumba za kupangisha lazima taka ziwe na kizimba chake, ukuta, geti linalofungwa, sakafu ya simiti, na kisionekane kutoka barabarani.

KaskaziBoy:
Kisionekane kutoka barabarani? Basi mzee wa watu amefuata sheria, ni vile tu amefuata ya Marekani

MpishiWaBarani:
Geti liko wapi? Paa liko wapi? Alichofuata ni dirisha langu. Na bado sijamaliza, jioni amepita tena akaniuliza "ushaanza kuzoea?" UWIIII

MtuWaMkomani:
Nyinyi wa Malindi mwadeka sana. Njooni Lamu, kichochoro punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma, sasa wa taka akutane na wa mchanga mlangoni kwangu, wote wajisaidie hapo hapo. Mji uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, ukuta wangu siwezi kuusogeza hata shubiri bila kuulizwa, lakini mavi ya punda hakuna anayeuliza ni ya nani.

BintiMuyeye:
Bora punda. Kwetu maji ya kisima yana chumvi mpaka chai ukiinywa ni kama umezama baharini, na mwenye nyumba anasema eti inasaidia presha

Mwanasheria_wa_Kibarazani:
Chumvi inapandisha presha, haishushi.

BintiMuyeye:
Ndio maana yangu iko juu saa hii na wewe unanijibu

Fundi_Tanki:
Tanki, mifereji, pampu, nafanya Malindi yote na Watamu. Njooni inboksi

KaskaziBoy:
Wewe fundi ulinifungia pampu mwezi wa Ramadhani mpaka leo inapiga kelele kama mbuzi anachinjwa. Usijifiche nimekuona

Fundi_Tanki:
Kaka hiyo ni waya zenu za nyumba, mimi pampu yangu ni nzima

MtuWaMkomani:
Mafundi wote ni wamoja. Wangu alichukua nusu ya pesa akasema anaenda dukani kununua bomba, huu mwaka wa pili hilo duka sijui liko Mombasa ama Maskati

MpishiWaBarani:
Jamani tulikua tunaongea habari ya jaa

MgeniMjini:
Dada hapo Barani kwenu kuna nyumba iko wazi? Mimi pua yangu imeziba hata sisikii harufu. Ni pesa ngapi na maji?