Vyeti viwili, jina moja, robo moja ya 1898: nishike kipi?

Kitukuu77: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, usingizi hauji. Natafuta cheti cha kuzaliwa cha babu yake mama yangu, mzaliwa wa Uingereza. Kwenye faharasa ya Ofisi Kuu ya Usajili nimekuta watoto wawili, majina yanafanana mwanzo hadi mwisho, wote robo ya Januari hadi Machi 1898. Mmoja wilaya ya Salford, mwingine Chorlton, pua na mdomo. Cha Salford ninacho mkononi tayari. Je, naweza kuendelea nacho?

Nahodha_Mstaafu: Ndugu, robo ile ni ya kuandikishwa, siyo ya kuzaliwa. Sheria iliwapa wazazi siku 42, kwa hiyo mtoto wa mwisho wa Desemba 1897 anaweza kukutwa 1898. Mimi babu yangu nilimsaka miaka miwili kwenye mwaka ulioandikwa kaburini. Kumbe aliandikishwa mwaka uliofuata. Siku niliyomwona nilikaa chini sakafuni nikashindwa kuinuka.

MamaPendo: Mwanangu, mambo haya huulizwa wazee wakiwa hai. Mama yangu ameondoka na majina ya shangazi zake wote, nami nilikuwa naye nyumba moja. Inaniuma mpaka leo.

Fundi_Karatasi: Cheti chake cha ndoa unacho?

Kitukuu77: Bibi alituachia vitu vichache sana mkuu, na vingine vimeliwa na mchwa. Ila kuhusu Salford, jina la baba linaendana kabisa na simulizi za nyumbani.

Fundi_Karatasi: Sijauliza simulizi. Cheti cha ndoa unacho, hunacho?

Kitukuu77: Ninacho. Baba wa bwana harusi ameandikwa seremala. Kwenye cheti cha Salford baba ni karani. Lakini jina ni lile lile, na mtu hubadilisha kazi! Halafu nimeshawaandikia ukoo wa yule karani huko Uingereza. Wametupokea kwa mikono miwili. Mama ameongea nao kwa simu akalia kwa furaha. Sasa nianzie wapi kurudi nyuma?

Kalamu_Nyekundu: Labda alichoka kuchonga kalamu, akahamia kwenye milango 😂

Fundi_Karatasi: Kwa hiyo hukuja kuuliza, umekuja kuombewa ruhusa. Sikiliza. Vyeti vya ndoa vya kule havikuwa na jina la mama hadi 2021, kwa hiyo jina na kazi ya baba ndiyo kamba pekee uliyo nayo. Usiikate. Fungua sensa ya 2 Aprili 1911, tafuta nyumba zote mbili. Mtoto atakuwa na miaka 13, na kazi ya baba imeandikwa pale kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe. Halafu tunakilie hicho cha Salford safu kwa safu.

Kitukuu77: Safu ya kwanza: tarehe 9 Februari 1898, na chini yake, wino ule ule, saa nne na dakika kumi asubuhi. Halafu mtaa. Halafu jina la mtoto, la baba, la mama pamoja na ukoo wake kabla ya kuolewa. Kazi ya baba, karani. Aliyetoa taarifa ni mama.

Shahidi_Huru: Hapo nimekukamata. Nimeagiza vyeti vya Uingereza zaidi ya kumi, hakuna hata kimoja chenye saa. Saa huandikwa Scotland. Wakuu, tunapotezewa muda, huu uzi umetungwa.

Kalamu_Nyekundu: Hata mimi yale machozi ya kwenye simu yalinitia shaka.

Nahodha_Mstaafu: Kama ni kweli weka picha, ufiche majina.

Fundi_Karatasi: Ngojeni kwanza. Ni kweli Scotland huandika saa kwa kila mtoto. Uingereza na Wales huandikwa kwa kawaida wakizaliwa mapacha. Mtu wa kutunga asingeliweka hilo bila kujisifu nalo. Kitukuu, mtoto wako wa Salford alikuwa pacha. Na pacha wa enzi zile wengi hawakuuona mwaka wa pili. Ingia faharasa ya vifo, Salford, 1898 na 1899. Umri umeandikwa.

Kitukuu77: Nimerudi. Robo ya Aprili hadi Juni 1898, Salford. Jina lile lile. Umri 0.

Kuna jambo sikulisema. Yule mama wa ukoo wa karani ninayeandikiana naye aliniambia tangu barua ya pili kwamba bibi yake alizaliwa pacha, na kaka yake alifariki akiwa mchanga. Nikajiambia labda walitenganishwa tu, mtoto akalelewa kwingine. Nililitaka sana liwe hivyo.

Shahidi_Huru: Samahani ndugu. Nilikuhukumu haraka.

Fundi_Karatasi: Umri 0 peke yake hautoshi, jina linaweza kugongana tena. Agiza cheti cha kifo, cha mtoto huwa kinamtaja mzazi na kazi yake. Agiza na cha Chorlton siku hiyo hiyo.

MamaPendo: Mama yako mwambie leo, mwanangu. Usingoje karatasi zifike.

Kitukuu77: Nimeagiza vyote viwili. Mama yuko jikoni, anawatafutia wale ndugu picha za bibi. Naenda kumwambia.